Kwa nini tunahangaika kuua bakteria wa meno badala ya kuwanyima gundi?

#1 Gego la Juu

Wakuu, salaam.

Kila nikifungua mada za meno nakuta orodha ile ile. Karafuu inaua bakteria, mdalasini unaua, manjano yanaua, propoli ya nyuki inaua. Sawa, vinaua. Nisichoelewa ni kwa nini kuua ndilo lengo.

Bakteria anayelaumiwa zaidi kwa meno kuoza ni Streptococcus mutans. Akielea peke yake kwenye mate hana madhara, unammeza na habari yake inaishia tumboni. Nguvu yake iko kwenye kushika. Anapata sukari ya kawaida, yaani sukrosi, anaikata kwa vimeng'enya vinavyoitwa glukosiltransferesi. Nusu anaila na kutoa asidi, nusu anaifuma kuwa glukani, gundi isiyoyeyuka kwenye maji. Pitisha ulimi nyuma ya meno ya chini asubuhi kabla hujapiga mswaki. Ule ukoga wenye utelezi, kama kitambaa kilicholowa, ndio nyumba yao: bakteria wa kila aina wamejifunika utando, na gundi ya mutans inawashikilia.

Hoja yangu: kiambata cha asili kinachozuia kimeng'enya hicho, hata kama hakiui bakteria hata mmoja, kina faida kuliko kinachoua. Kinachoua kinafagia na wale wema. Kinachozuia gundi kinamwacha mutans hai lakini hana pa kukaa.

Karibuni tujadili.

---

#2 Mti Mkavu

Umechelewa mkuu. Jibu lipo miaka mingi: mswaki wa mti, Salvadora persica. Ndani yake kuna benzili isothiosayanati, unaiua hiyo mutans yako na utando wake pamoja. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1987. Mimi natumia tangu utotoni na sina jino hata moja lililotoboka.

---

#3 Darubini

Mtoa mada, mada nzuri, nina sahihisho moja. Siyo nusu kwa nusu. Sehemu kubwa ya sukrosi mutans anaivuta ndani na kuichachusha kuwa asidi ya laktiki. Kinachokwenda kwenye gundi ni sehemu ndogo tu. Ila sehemu hiyo ndogo ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu gundi inaifungia asidi pale pale juu ya enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, na mate hayafiki kuisafisha.

Pia vimeng'enya ni vitatu, siyo kimoja. GtfB inafuma glukani isiyoyeyuka, GtfD inafuma inayoyeyuka, GtfC inafanya zote mbili. Ukisema "kuzuia kimeng'enya" sema kipi.

---

#4 Mama Wawili

Samahani, naingia na la nyumbani, sayansi nawaachia. Mwanangu wa kwanza alianza kuwa na madoa meupe kwenye meno ya mbele ya juu akiwa na mwaka na miezi kadhaa. Baadaye yakawa ya kahawia, kisha yakamomonyoka pembezoni. Nilikuwa namlaza na chupa ya maziwa mdomoni. Jirani akanishauri asali yenye karafuu ya unga, nipake usiku kwa sababu "asali ni dawa ya asili". Nilipaka miezi miwili. Meno mawili yaling'olewa.

Kwa hiyo mkisema asili, semeni pia asili ipi.

---

#5 Gego la Juu

Pole sana mama. Darubini asante, nimepokea sahihisho.

---

#6 Mchonga Meno

Mama Wawili (#4), pole. Asali ni fruktosi na glukosi kwa wingi, na inanata. Kumpaka mtoto usiku, wakati mate yamepungua, ni kumlisha mutans. Yaliyomo kwenye karafuu hayawezi kufidia hilo. Wala si kosa lako peke yako, wengi wanashauriwa hivyo.

Na yale madoa meupe uliyoyaona mwanzo, wengine wayaandike. Doa jeupe lisilong'aa kwenye jino la mtoto, hasa karibu na fizi, ni enameli inayopoteza madini lakini haijatoboka. Hapo bado panarudishika. Shimo likishafunguka, enameli haioti tena, haina chembe hai za kuiotesha.

Kwa mtoa mada: mimi nafanya kazi hii kila siku na maoni yangu ni rahisi. Utando unavunjwa kwa mswaki. Enameli inalindwa kwa floridi, madini yanayotiwa kwenye dawa ya meno. Enameli ya kawaida huanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi, kadiri kinavyoshuka asidi inazidi) ikishuka chini ya takriban 5.5. Ikiwa na floridi inavumilia hadi karibu 4.5. Viambata vya mimea ni nyongeza, sijaona kilichochukua nafasi ya hayo mawili.

---

#7 Msoma Usiku

Mti Mkavu (#2), hapo kwenye benzili isothiosayanati kuna tatizo. Watafiti walioipima wakitumia mizizi ya mti huo huo waliona inaua vizuri sana bakteria wa kundi la gramu-hasi, wale wanaohusishwa zaidi na magonjwa ya fizi (bakteria hugawanywa gramu-hasi na gramu-chanya kwa aina ya ukuta wao). Gramu-chanya hawakutikisika sana. Mutans ni gramu-chanya.

Kwa hiyo mswaki wako unaweza kuwa unakusaidia sana, lakini si kwa sababu uliyoitaja.

---

#8 Mti Mkavu

Basi kwa sababu gani sina shimo? Nijibu hilo.

---

#9 Mchonga Meno

Inawezekana ni zile nyuzi zinazosugua jino mara tano kwa siku. Inawezekana huli vitu vitamu ovyo. Inawezekana una mate mengi. Jino zima halituambii ni lipi kati ya hayo.

---

#10 Binti Mdadisi

Mti Mkavu kajibiwa na daktari "labda huli pipi" 😂 Kaka funguka, unakula pipi au huli?

---

#11 Mti Mkavu

Sili. Chai naitia sukari kidogo. Haya endeleeni.

---

#12 Msoma Usiku

Nirudi kwenye hoja ya gundi maana naiunga mkono, na mfano upo. Hyun Koo, mtafiti wa utando wa meno, na wenzake waliichambua propoli ya Brazil wakatoa viambata viwili. Cha kwanza ni apigenini, kinazuia glukosiltransferesi bila kumuua bakteria. Cha pili ni fanesoli, kinavuruga utando wa chembe yake, akashindwa kuvumilia asidi anayoitengeneza mwenyewe. Walipovichanganya na floridi kwa panya wa maabara, mashimo yalipungua kuliko floridi ikiwa peke yake.

Angalieni, hakuna kilichofagia mdomo mzima pale. Kimoja kinabana gundi, kingine kinamchosha bakteria, floridi inalinda jino. Hiyo ndiyo hoja ya #1.

Ziko familia nyingine zinazoingia kwenye kundi hili. Katekini za chai ya kijani, hasa ile ndefu ya epigalokatekini galati, zinabana vimeng'enya hivyo hivyo. Proantosianidini za aina ya A zilizo kwenye tunda la kranberi nazo. Kurkumini ya manjano ina njia tofauti: inabana sortesi A, kimeng'enya kinachozifunga protini za kushikia kwenye ukuta wa bakteria. Bila sortesi ni kama mtu anayetaka kupanda mnazi mikono yake ikiwa imepakwa mafuta.

---

#13 Ndimu Chungu

Mimi nilijaribu ndimu na chumvi kwa mwaka mzima kwa sababu nilisoma vitamini C inaua bakteria. Sasa hivi nikinywa maji ya baridi nashika shavu. Daktari aliniambia bakteria sijui, lakini enameli nimeiyeyusha mwenyewe. Ndimu ina pH karibu 2. Ukilinganisha na ile 5.5 ya #6, hesabu unaiona. Msifanye nilichofanya.

---

#14 Darubini

Msoma Usiku (#12), yote uliyoandika yamepimwa, sibishi. Nataka tu watu wajue "imezuia utando" maana yake ni nini maabara, kwa kuwa kazi hiyo naifanya kwa mikono yangu.

Unachukua sahani ya plastiki yenye visima 96, kila kimoja kinaingia matone machache. Unatia mutans, lishe na sukari asilimia 1. Kwenye baadhi ya visima unatia kiambata chako. Unafunika, unaweka kwenye joto la mwili saa 24. Kesho yake unamwaga, unaosha, unatia kristali violeti, rangi ile ile iliyomo kwenye dawa ya zambarau ya GV. Unaosha tena. Kisima chenye utando kinabaki zambarau iliyokolea, unaona pete nene pembeni ya kuta zake. Kisima ambacho kiambata kimefanya kazi kinabaki cheupe, karibu kama maji. Ukiiona mara ya kwanza unafurahi sana, mimi nilipiga kelele.

Sasa fikiria. Bakteria mmoja badala ya mamia ya aina. Plastiki badala ya enameli. Hakuna mate. Na kubwa kuliko yote, kiambata kimekaa naye saa 24. Mdomoni unasukutua dakika moja, unatema, na mate yanaosha yaliyobaki.

Kurkumini ndiyo ngumu zaidi. Haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana. Maabara tunaiyeyusha kwanza kwenye kimiminika maalumu. Mtu anayesukutua maji yenye unga wa manjano anapata njano ya kutosha na kurkumini kidogo sana.

---

#15 Binti Mdadisi

Darubini, kwa hiyo hata klorheksidini, ile dawa ya kusukutua ya hospitali, nayo ni dakika moja tu mdomoni. Kwa nini yenyewe inafanya kazi?

---

#16 Darubini

Swali zuri dada. Klorheksidini ina chaji chanya, ukoga na ngozi ya ndani ya mdomo vina chaji hasi. Inanasa pale na kuachiliwa pole pole kwa saa nyingi baada ya wewe kutema. Viambata vingi vya mimea havina tabia hiyo. Polifenoli, kundi la viambata vya mimea kama katekini za chai, zinanasa pia, ila zinanasa kwenye protini za mate, ndiyo ule ukakasi unaousikia ukinywa chai kali. Zikishashikwa na mate hazina uhuru wa kumfuata kimeng'enya.

---

#17 Mama Wawili

Hiyo klorheksidini nilipewa baada ya kung'olewa gego la nyuma kabisa. Wiki mbili meno yangu yakawa na rangi ya kahawia na chakula hakina ladha. Ilifanya kazi, lakini siwezi kuitumia kila siku.

---

#18 Mchonga Meno

Na huruhusiwi kuitumia kila siku kwa miezi, mama. Ni ya muda mfupi kwa sababu hizo hizo.

---

#19 Mzee Kifimbo

Vijana, naomba niwarudishe nyuma kidogo. Mnachobishania kiliandikwa karne ya 17.

Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alikuwa akisugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi na kuyapangusa kwa kitambaa. Hata hivyo aliona kitu cheupe kama unga uliokorogwa kimebaki katikati ya magego. Akakikwangua, akakichanganya na maji, akakitazama kwa lenzi aliyoichonga mwenyewe. Akaona vidudu vinaogelea. Aliwaandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1683.

Baadaye akajaribu siki. Akichanganya siki na ukoga nje ya mdomo, vidudu vinakufa. Akisukutua siki mdomoni kisha akakwangua, vya juu vimekufa, vya ndani vinaogelea kama kawaida. Akaandika kwamba siki haikupenya.

Hapo ndipo mlipo hadi leo. Dawa inaua kwenye chupa, mdomoni utando unaikataa.

---

#20 Gego la Juu

Mzee shikamoo. Hii ndiyo hoja yangu hasa! Leeuwenhoek alishindwa kwa sababu alisubiri nyumba ijengwe ndipo apeleke siki. Angezuia gundi tangu mwanzo, kusingekuwa na tabaka la ndani la kujificha.

---

#21 Mzee Kifimbo

Marahaba. Nimekusoma. Lakini huyo bwana hakuwa na mutans kichwani mwake. Mutans alitambuliwa na Clarke, Uingereza, mwaka 1924, zaidi ya miaka 240 baadaye.

---

#22 Kobe Asiye na Haraka

Nasoma kimya tangu #1 na naona wote mmekubali kitu ambacho hakijathibitishwa humu: kwamba mutans ndiye mkosaji. Wapo watoto wenye mashimo ambao ukipima hukuti mutans wa maana. Wapo watu wazima wenye mutans tele na meno mazima.

Philip Marsh, mtafiti wa bakteria wa mdomoni, alieleza mwaka 1994 kwamba ukoga ni kama shamba. Ukilimwagia sukari mara kwa mara, asidi inazaliwa, wanaopenda asidi wanastawi, wasioipenda wanakufa. Mutans anakuja kwa wingi kwa sababu udongo umeharibika, na akija anazidi kuuharibu. Kwa maelezo hayo, ukiziba gundi ya mutans bila kugusa sukari, mpenda asidi mwingine anachukua nafasi, wako laktobasili na wengineo.

Ushahidi mzuri kwangu ni watu waliozaliwa wasioweza kuvumilia fruktosi. Wakila sukrosi, yenye fruktosi ndani yake, wanaugua vibaya, hivyo wanaikwepa maisha yao yote. Wengi wao hawana mashimo, au wanayo machache sana. Hawatumii apigenini wala propoli.

---

#23 Msoma Usiku

Kobe, hapo umeniunga mkono bila kujua 🙂 Watu hao wanakula wanga wa kawaida, viazi na mkate. Asidi inazalishwa hata kwa wanga. Wanachokosa ni sukrosi, na sukrosi ndiyo malighafi ya gundi. Glukosi peke yake au wanga havifumwi kuwa glukani na vimeng'enya vya mutans. Kwa hiyo kwa nini usiseme wamepona kwa kukosa gundi?

---

#24 Kobe Asiye na Haraka

Naweza kusema hivyo. Naweza pia kusema wamepona kwa kukosa asidi inayokuja haraka na mara nyingi. Wanga unachelewa kuvunjwa. Mtafiti Stephan alipima kwenye miaka ya 1940: baada ya kusukutua maji ya glukosi, pH ya ukoga inaporomoka ndani ya dakika chache na inachukua nusu saa hadi saa nzima kurudi. Hiyo ni glukosi, siyo sukrosi. Asidi ilikuja bila gundi mpya.

---

#25 Mchonga Meno

Kobe kamaliza. Utafiti wa Vipeholm, Uswidi, ulioanza miaka ya 1940, ulionyesha kwamba sukari inayonata na inayoliwa kati ya milo ndiyo iliyoleta mashimo mengi. Kiasi kile kile kikiliwa pamoja na mlo madhara yalikuwa madogo. Niseme pia kwamba utafiti ule ulifanywa kwa watu wenye ulemavu wa akili walioishi kwenye taasisi, hawakuwa na sauti ya kukataa, na meno yao yaliharibiwa kwa makusudi. Naumia kila nikiutaja, lakini matokeo yake ndiyo tunayoyafundishia.

---

#26 Binti Mdadisi

Sikulijua hilo. Inasikitisha sana.

---

#27 Ndimu Chungu

Jamani na jojo zenye zailitoli, ile tamu inayotiwa badala ya sukari? Hiyo ni ya asili, inatoka kwenye mti. Nilianza kutafuna baada ya kisa changu cha ndimu.

---

#28 Msoma Usiku

Zailitoli inafaa kwenye uzi huu kabisa. Ilipimwa Turku, Finland, miaka ya 1970. Mutans anaivuta ndani akidhani ni chakula, anaifungia fosfati, kisha hawezi kuitumia. Anaitoa nje, anavuta nyingine. Anachoka bure, na asidi hatoi. Ukitafuna pia mate yanaongezeka.

Huko huko Finland akina mama waliokuwa na mutans wengi walitafuna jojo ya zailitoli watoto wao wakiwa wachanga. Watoto walipofika miaka 2, asilimia 9.7 ndio waliokutwa na mutans. Kwenye kundi ambalo mama zao walipakwa floridi, asilimia 48.5. Mama Wawili, hii ingekufaa kwa mtoto wa pili.

Kwa uaminifu niongeze: mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao unaokusanya tafiti za tiba na kuzipima kwa pamoja, yalikuta ushahidi dhaifu. Dawa ya meno yenye floridi na zailitoli ilipunguza mashimo kwa watoto kwa asilimia 13 zaidi ya floridi pekee, na hata hilo walilipa daraja la chini. Kwa jojo na vidonge ushahidi haukutosha.

---

#29 Mama Wawili

Wa pili ana miaka 6 sasa 🙂 Yuko salama hadi leo. Sikumlaza na chupa, basi. Nilichoongeza ni vidonge vya rangi, vile mtoto anatafuna na ukoga unageuka pinki iliyoiva. Mara ya kwanza alijitazama kwenye kioo akaanza kulia. Pinki ilikuwa imejaa kwenye mstari wa fizi na nyuma ya magego, pale pale nilipodhani nimesugua. Sasa anaing'ang'ania mwenyewe kwa mswaki hadi iishe.

---

#30 Fundi Baiskeli

Mwenye mbwa asiache jojo za zailitoli mezani. Mbwa wangu alikula pakiti, ndani ya nusu saa akawa anayumba, sukari ya damu imeshuka. Alipona kwa kuwahiwa dripu. Kwa binadamu haina shida hiyo, kwa mbwa ni sumu.

---

#31 Mti Mkavu

Asante Fundi, hilo sikulijua. Na wanaosifia urukususu (likorisi, ule mzizi mtamu) wajue pia. Mjomba wangu alikuwa akitafuna mizizi yake kila siku kwa ajili ya meno, presha ikapanda hadi akalazwa. Ameacha, presha imetulia.

---

#32 Msoma Usiku

Kinachopandisha presha ni glisirizini, ile tamu. Kiambata kilichosifiwa kwa mutans ni kingine, glisirizoli A. Vinaweza kutenganishwa maabara. Kwenye mzizi vyote vipo pamoja, na mjomba hakuwa na namna ya kuvitenga. Hapo ndipo napishana na wanaosema "ukipata mmea mzima ni bora kuliko kiambata".

---

#33 Darubini

Nimerudi, na nina pingamizi kubwa zaidi kwa #1 na #20.

Gego, unasema tubane kimeng'enya kabla nyumba haijajengwa. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hakikai kwa bakteria peke yake. Mutans anakitema nje. Kinaelea kwenye mate na kuganda juu ya jino, kwenye ule utando mwembamba wa protini za mate unaojitandaza dakika chache tu baada ya kupiga mswaki. Kinawapanda hata bakteria wengine wasiojua kutengeneza glukani. Kinaipanda hata fangasi ya Candida. Kisha sukari ikipita, kinaanza kufuma gundi mahali pale, mutans mwenyewe yuko mbali au amekufa.

Hili linawaangusha wanaoua, nakubali, kwa sababu ukiua bakteria kiwanda kinaendelea. Lakini linakuangusha na wewe, maana kimeng'enya kilichoganda juu ya jino kinabadilika umbo na vizuizi vingi vinavyokibana kwenye maji havikibani vizuri kikiwa kimeganda.

---

#34 Gego la Juu

Hii imenisimamisha. Nipe muda.

---

#35 Kobe Asiye na Haraka

Wakati anafikiri: kuna njia nyingine isiyoua wala kubana, ni kuwalisha wema. Streptococcus sanguinis na gordonii wanakula arginini, asidi amino iliyomo hata kwenye mate, na kutoa amonia. Amonia inapandisha pH. Zipo dawa za meno zenye arginini asilimia 1.5 pamoja na floridi. Shamba linarekebishwa udongo, magugu yanakosa raha yenyewe.

---

#36 Mchonga Meno

Hata shamba lenyewe linazidi kuwa na wakazi. Mwaka 2023 kundi la Koo huyo huyo wa #12 lilionyesha Selenomonas sputigena, aliyejulikana kwa fizi, ananaswa kwenye gundi ya mutans, anazaliana humo na kujenga umbo kama mzinga wa nyuki, na asidi inaongezeka.

---

#37 Msoma Usiku

Ananaswa kwenye gundi ya nani? 🙂

---

#38 Mchonga Meno

Ya mutans. Nimekuelewa.

---

#39 Gego la Juu

Haya, nimefikiri. Darubini, nakubali kwamba kimeng'enya kilichokwisha kuganda ni kigumu kubana. Basi suala ni wakati. Kiambata kifike jino likiwa safi, kabla utando wa mate haujabeba vimeng'enya. Yaani mara tu baada ya kupiga mswaki. Unasukutua chai ya kijani isiyo na sukari, tuseme, dakika mbili.

---

#40 Mchonga Meno

Hapana, tafadhali. Baada ya mswaki tunawaambia watu wateme dawa na wasisukutue, ili floridi ibaki juu ya jino. Ukisukutua chai umeiosha. Huwezi kubadilisha kitu chenye ushahidi wa miongo kwa kitu cha kwenye visima 96.

---

#41 Gego la Juu

Basi kabla ya mswaki.

---

#42 Darubini

Kabla ya mswaki ukoga wa usiku mzima upo. Soma tena siki ya Mzee Kifimbo, #19.

---

#43 Binti Mdadisi

Kwa hiyo kabla haipenyi, baada inaosha floridi. Ikiwekwa ndani ya dawa ya meno yenyewe je, pamoja na floridi?

---

#44 Darubini

Hapo ndipo watu wengi wanafanyia kazi. Ugumu ni kwamba polifenoli zinaharibika haraka kwenye mchanganyiko wenye alkali, zinageuka kahawia na kupoteza nguvu. Wengine wanazifungia kwenye chembe ndogo sana zinazofunguka pH ikishuka, yaani zinasubiri asidi ya bakteria ndiyo izifungulie mlango.

---

#45 Gego la Juu

Chembe inayofunguliwa na asidi ya adui mwenyewe. Hiyo naipenda. Kuna aliyeiona ikijaribiwa kwa watu, siyo panya?

---

#46 Mama Wawili

Mkisubiri jibu, mimi nauliza la kwangu. Adhuhuri, mtoto akirudi shule, mswaki ulipigwa saa sita zilizopita na mwingine uko mbali. Hapo floridi haioshwi na ukoga bado haujawa mnene. Akisukutua chai ya kijani baridi bila sukari wakati huo, kuna ubaya?

---

#47 Mchonga Meno

Ubaya sioni mama, zaidi ya meno kushika rangi kidogo. Faida siwezi kukuahidi. Asukutue, ateme, na kama ana kiu baada ya hapo mpe maji.

---

#48 Mti Mkavu

Au ampe mswaki wa mti atafune. Nyuzi zake hazina ubishi.

---

#49 Darubini

Mama Wawili, ukifanya hivyo mpe kile kidonge cha pinki kila Jumamosi na uandike pinki imebaki wapi. Wiki mbili kwa chai, wiki mbili kwa maji matupu. Ningependa kuona.

---

#50 Mama Wawili

Nimenunua daftari. Naanza na maji.